Kopo la Bibi

Kila asubuhi, hata kabla chai haijachemka, cherehani ilianza kulia katika chumba cha mbele. Mama aliyeiendesha alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto wadogo. Mume wake naye alikuwa fundi, lakini wa rangi. Alipaka nyumba za watu zikang'aa, ila kuta za nyumba yake zilikuwa zimebanduka rangi miaka na miaka. Akiulizwa, alijibu, "Kinyozi hajinyoi," akaenda zake kazini.

Karibu na cherehani kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kijani. Kilikuwa cha bibi, mama yake Fundi. Bibi alizoea kukaa hapo akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo na kumsema kila aliyepita nje. Sasa ilikuwa miezi saba tangu afariki. Kiti hakikuondolewa, na hakuna aliyekikalia. Mteja akija, alipewa stuli.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga. Bibi hatajwi. Baba hakumtaja ili mama asilie. Binti hakumtaja ili mama asilie. Na mama hakumtaja kwa sababu alijua atalia. Basi wote watatu walimkumbuka, kila mmoja kivyake, chini ya paa moja.

Binti alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ualimu. Bibi ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea kabla ya kutembea na hakupumzika tena. Zamani akija likizo, alianza kusimulia akiwa bado mlangoni, begi mkononi. Alisimulia habari za wahadhiri, foleni ya maji, na msichana wa chumba chake anayeongea usingizini. Baba alikuwa akiziba masikio na kusema, "Hivi hii redio haina kitufe cha kuzimia?"

Likizo hii redio ilizimika yenyewe. Chiriku aliingia, akasalimia, akaenda kulala. Alilala mchana, akaamka na macho mazito, akijikuna mikono. Akiulizwa jambo, alijibu neno moja. Kuna siku alikuwa mkali kwa jambo dogo tu, jasho likimtoka, akipiga miayo kama mwenye homa. Halafu aliingia chumbani, na baadaye akatoka ametulia kabisa.

Fundi alimtazama na roho ikamuuma. Mtoto alikuwa hapo hapo, hatua tano kutoka kwenye cherehani. Lakini mama alimkumbuka zaidi kuliko alivyomkumbuka alipokuwa chuoni.

"Ni masomo," alimwambia mumewe.

"Ni chuo chenyewe," mume alijibu. "Tumewapelekea chiriku, wameturudishia bundi."

Alitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka.

Juu ya kabati la nyumba hiyo kulikuwa na kopo la biskuti. Biskuti ziliisha zamani. Bibi aliligeuza kopo kuwa ghala la dawa. Alisema dawa iliyobaki haitupwi, maana ugonjwa hauna adabu, unarudi bila hodi. Mtu akipona kabla dawa hazijaisha, zilizobaki ziliingia koponi. Jirani akiumwa kichwa, alijua pa kwenda. Mshona viatu wa nyumba ya pili aliwahi kuomba kidonge cha jino, akapewa cha tumbo, na kesho yake akaja kushukuru. Watu waliliita kopo hilo zahanati ya bure. Bibi alijivunia, na Fundi alijivunia bibi.

Mwaka wake wa mwisho, bibi alivunjika nyonga. Daktari alimwandikia vidonge vikali vya maumivu. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo mfamasia alimchorea jua upande mmoja wa bahasha, na mwezi upande wa pili. Kidonge kimoja jua likichomoza, kidonge kimoja mwezi ukitoka. Bibi alipofariki, vidonge vingi vilikuwa vimebaki. Fundi aliviweka koponi pamoja na bahasha yake. Hakuweza kuvitupa. Bahasha ilikuwa na alama za vidole vya bibi. Kopo likifunguliwa, lilitoa harufu ya mafuta aliyojipaka magotini. Nyumba ikiwa tupu, Fundi alilishusha, akalifungua, akanusa, akalirudisha juu.

Asubuhi moja sauti iliita mlangoni. "Hodi hapa."

"Karibu, pita ndani," Fundi alijibu.

Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Wiki mbili nyuma alikuwa ameleta gunia la vipande vya vitambaa, akaomba ashonewe mifuko midogo arobaini yenye kamba ya kufungia. Fundi alimwonyesha rundo lililokuwa mezani.

"Mifuko yako tayari. Nimetia kamba mbili, kama ulivyosema. Ila hukuniambia ni ya nini. Au unataka kuanza kuuza karanga?"

"Ningekuwa nauza karanga ningenenepa," alisema mhudumu. "Ni ya dawa. Kila nyumba ya mtaa huu inapata mmoja. Dawa zilizobaki, zilizopitwa na muda, na zile ambazo mwenyewe hazitumii tena, zote zinaingia humu. Jumamosi tunazikusanya pale shuleni. Zahanati inakwenda kuziteketeza kwa njia salama."

"Mteketeze dawa nzima? Dada, si dhambi hiyo?"

"Dhambi ni kuziacha. Sisi tumeanzisha mpango wa kuwalinda vijana wetu na ulevi. Tuliwakalisha wa sekondari na wa vyuo tukawauliza, mwenzenu aliyezama alianzia wapi? Sisi wakubwa tulidhani watasema kijiweni. Wengi walisema nyumbani. Kabatini. Chini ya mto wa mgonjwa."

Fundi alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka chini polepole.

Mhudumu hakumwona. Alikuwa anatazama mkeka ulioko pembeni, alipolala Chiriku.

"Huyu binti amelala tangu saa ngapi?"

"Amechoka tu na masomo."

"Saa nne na nusu asubuhi?"

Mhudumu alipiga magoti kando ya mkeka. Alitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Alitazama midomo na kucha. "Binti," aliita. "Binti, amka." Chiriku hakujibu. Mhudumu alimsugua bega kwa nguvu, akaita tena. Muda huo ulikuwa mfupi, lakini Fundi aliuona mrefu kuliko miezi yote saba.

Chiriku akafungua macho. Alimtazama mgeni, akatafuta neno, akalipata.

"Shikamoo," alisema kwa ulimi mzito.

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Unajua leo ni siku gani?"

Chiriku aliitaja siku, sawasawa. Mhudumu alimnywesha maji kidogo, kisha akamvuta Fundi hadi mlangoni.

"Dada, huo si usingizi wa masomo. Usimwache peke yake. Mwongeleshe. Akilala tena ukashindwa kumwamsha, au akikoroma kwa shida, au midomo ikibadilika rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri baba yake arudi."

Aibu ilimpanda Fundi hadi masikioni. "Hapa hakuna mambo hayo. Hii ni nyumba ya heshima."

"Najua. Mambo haya hayachagui nyumba." Mhudumu alichukua mfuko mmoja kutoka kwenye rundo, akauweka juu ya cherehani. "Huu wako. Mimi nipo hapa hapa jirani, nagawa mingine. Ukiniita nitasikia."

Alipoondoka, Fundi aliutazama mfuko. Aliujua mshono. Ulikuwa wake. Kwa wiki nzima alikuwa ameshona mifuko ya kuokoa watoto wa watu, na hakutazama mkeka wa nyumbani kwake. Kinyozi hajinyoi kweli.

Alipanda stuli, akashusha kopo. Alilifungua. Bahasha ya jua na mwezi ilikuwa mahali pake. Chini yake kulikuwa na karatasi za vidonge vya bibi, zimepangwa vizuri kama zamani. Alichukua moja, ilikuwa nyepesi. Ya pili hivyo hivyo. Zote zilikuwa tupu. Mtu alikuwa ametoa vidonge vyote, akazinyoosha karatasi, akazirudisha moja juu ya nyingine.

Mara Fundi akaikumbuka jioni ya siku ya mazishi. Chiriku alikuwa amelia siku mbili bila kula wala kulala. Fundi alienda kwenye kopo, akatoa kidonge kwenye bahasha ya bibi, akampa na maji. "Meza, mwanangu," alimwambia. "Kilikuwa kinamtuliza bibi yako, kitakutuliza na wewe." Hakuna mtu mbaya aliyempa mtoto wake kidonge cha kwanza. Ni mkono huu huu wa kushona.

Alikwenda akakaa mkekani karibu na binti yake, kopo mapajani.

Chiriku aliliona kopo. Akainamisha kichwa. "Utanipiga, mama?"

"Nisikilize kwanza. Cha kwanza nilikupa mimi. Sijasahau."

Maneno ya Chiriku yakaanza kutoka, taratibu, kama maji ya bomba lililokauka siku nyingi.

"Kile cha kwanza kilinifanya nisimkumbuke bibi. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango, kelele zikabaki nje. Nikalala. Kesho yake nikachukua kingine. Nikaondoka na vingine chuoni. Vilipoisha nikanunua, bwenini kuna wanaouziana. Wengine wanakunywa dawa ya kikohozi chupa nzima. Wengine wanameza vya kukesha wakati wa mitihani, halafu wanameza vya kulala. Tunaambiana hii ni dawa, si bangi, kwa hiyo si ulevi."

"Na sasa?"

"Sasa kimoja hakitoshi. Nisipomeza mwili wote unauma, natetemeka. Na bibi anarudi. Namkumbuka, mama. Namkumbuka sana, na hapa nyumbani hata hatajwi."

Machozi ya Fundi yalidondoka kwenye kifuniko cha kopo. Safari hii hakuyazuia. "Na mimi namkumbuka," alisema. "Nyumba ikiwa tupu, nalishusha hili kopo nainusa harufu yake."

"Najua. Niliwahi kukuona dirishani. Ndiyo maana nilizirudisha karatasi zake vilevile. Nilitaka ukifungua, ukute kopo lako halijaguswa."

Fundi alimkumbatia, akalia kwa sauti. Alilia kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya mtoto wake. Waliogopana machozi miezi saba, na kuogopana huko kulikuwa karibu kumwondoa mwingine baada ya bibi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Fundi aliinuka, akasimama mlangoni, akaita mtaa mzima ukasikia, "Mama mhudumu, rudi! Ni hapa kwangu!"

Siku hiyo hiyo Fundi, Chiriku na mhudumu walikwenda zahanati. Daktari alimsikiliza Chiriku bila kumfokea. Alimuuliza alimeza nini, vingapi, na lini mara ya mwisho. Muuguzi alimweka chini ya uangalizi hadi alasiri.

"Vidonge hivi ni vizuri," daktari alimweleza Fundi, "kwa bibi mwenye nyonga iliyovunjika, aliyepimwa na daktari. Mtu mwingine akivimeza kiholela, mwili unavizoea na unadai zaidi. Na kila unapoongeza, pumzi inapungua. Ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika kabisa."

"Basi kuanzia leo hamezi tena," Fundi alisema.

"Asiache ghafla akiwa peke yake. Atateseka, na akiteseka atarudia. Tutampunguzia hatua kwa hatua. Atakuja hapa kila wiki. Dawa nitakayompa utaitunza wewe, mahali penye kufuli, na utampa kwa kipimo nilichoandika."

Baba alirudi jioni, mikono imejaa rangi nyeupe. Alimkuta mhudumu bado yupo. Alipoelezwa, akaanza kufungua mkanda wa suruali.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Leo nitamkunja."

"Kumkunja ni kumfunza, shemeji, si kumvunja," mhudumu alisema, wala hakuinuka. "Ukimpiga, atajifunza kitu kimoja tu, kuficha vizuri zaidi. Huyu anaumwa."

Mkono wa baba ulishuka. "Sasa mnataka nifanye nini? Mimi najua rangi tu."

"Muulize habari za siku. Halafu ngoja jibu. Sisi wazazi tunauliza, lakini hatungoji."

Baba alikwenda kukaa mbele ya binti yake. Alikohoa. "Habari za siku?"

"Nzuri, baba."

Alitaka kuinuka, akamtazama mhudumu, akakaa tena. Alingoja. Alikwangua rangi kwenye kucha zake, kidole kimoja baada ya kingine, akaendelea kungoja.

"Si nzuri, baba," Chiriku akasema.

"Nimesikia," baba alijibu. "Niko hapa."

Nisikudanganye, msomaji, kwamba kesho yake mambo yalinyooka. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Chiriku alitapika, alitetemeka, alimtukana mama yake kisha akaomba msamaha. Wiki ya tatu alitoka bila kuaga, akapanda basi hadi kwa wale wanaouziana bwenini, akarudi na macho yale yale mazito. Fundi alidhani yote yamekwisha. Lakini daktari alisema, "Kuanguka njiani si kurudi ulikotoka. Mleteni kesho." Wakampeleka.

Kila Jumamosi walikwenda kwenye kikao katika darasa la shule ya msingi. Wazazi walibana magoti kwenye madawati ya watoto, na baba akakwama mara mbili. Vijana walikaa upande wao na kiongozi wao, kijana aliyewahi kupitia hayo hayo. Walijizoeza kusema hapana kwa rafiki bila kugombana naye. Walicheza mpira pamoja. Walijifunza pia kumtambua mwenzao aliyezidiwa, kumlaza ubavu na kuita msaada badala ya kukimbia. Wazazi nao walijifunza kufunga dawa kwa kufuli, na kutogawiana dawa hata kwa upendo. Siku moja mhudumu aliuliza kila mtu anafanya nini akimkumbuka aliyekufa. Kisha watu wazima wakaanza kusema, na vijana wakawasikiliza kwa mshangao.

Chuoni, mshauri wa wanafunzi alimruhusu Chiriku apumzike muhula mmoja. Hakufukuzwa, kwa sababu alikuja kusema mwenyewe kabla ya kukamatwa.

Jumamosi ile ya kwanza, ya kukusanya mifuko, foleni ilikuwa ndefu. Mshona viatu alibeba mifuko mitatu. "Nilikuwa nashindana na marehemu bibi," alisema, "na nyingi nilichukua kwake." Watu walicheka, na Fundi akacheka nao. Bibi alikuwa ametajwa hadharani, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Zamu yake ilipofika, Fundi alikabidhi mfuko. Ndani yake kulikuwa na kila kidonge cha nyumba, pamoja na zile karatasi tupu. Lakini bahasha ya jua na mwezi aliishika mkononi. Vidole vilikataa kufunguka.

"Na hii pia?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mhudumu aliichungulia bahasha, akaona haina kitu. "Karatasi si dawa, dada. Hiyo kaa nayo."

Muhula uliofuata Chiriku alirudi chuoni. Mshauri alimuunganisha na kikundi kipya cha wanafunzi pale bwenini, waliokutana kila Jumatano bila wahadhiri. Kila mwisho wa mwezi alikwenda zahanati. Nyumbani, Fundi alijaza vifungo kwenye kopo la biskuti. Harufu ya mafuta ilikuwa imefifia. Akilifungua, bahasha ilikuwa juu ya vifungo, na alipomkumbuka mama yake, alimwambia mumewe, "Leo nimemkumbuka mama." Mume alikuwa akijibu, "Hata mimi," na wakati mwingine walisimuliana mpaka chai ikapoa.

Likizo ilipofika, Fundi alisikia mlango ukifunguliwa. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Miguu ilikanyaga sebuleni, begi likawekwa chini.

"Mama, shikamoo. Yaani huwezi kuamini. Yule msichana anayeongea usingizini, juzi ameimba. Wimbo mzima, mama, na beti zake. Halafu asubuhi anatuuliza mbona hatukulala."

Chiriku alipita kando ya stuli. Akafika kwenye kiti cha mbao chenye mto wa kijani, akakaa. Alichukua gauni lililokuwa mezani, akatafuta mkasi, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia, mdomo ukiendelea. Alisimulia habari za kikundi cha Jumatano, foleni ya maji, na mama mmoja aliyepita nje na kofia ya ajabu. "Bibi angemwona huyo," alisema, "tusingelala leo."

Baba aliingia na ndoo ya rangi. Akasimama. Mikono yake iliinuka kuelekea masikioni kama zamani, ikaishia njiani.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi alikuwa analia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baba aliweka ndoo chini, akavuta stuli, akakaa.

"Halafu?" aliuliza.